Nilisema ni methali tu, rafiki yangu Mhindu akaacha kuniita dada

Kwako Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu, mwanamke wa Kiislamu, nina miaka 41. Naomba usiandike jina langu wala la shule. Ninayekueleza habari zake ni mwalimu wa hisabati, Mhindu, ambaye kwa miaka minane meza yake na yangu zimepakana katika chumba cha walimu. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, yeye ndiye aliyesahihisha mitihani ya madarasa yangu mawili, tena bila kuombwa. Mama yake alipofariki, mimi ndiye niliyekaa naye nimemshika mkono mpaka gari la kumchukua lilipofika. Pale kazini sijawahi kumwita mtu mwingine "dada" ila yeye.

Wiki tano zilizopita mvua ilikuwa inanyesha nami nilikuwa na haraka ya kutoka. Mwavuli wake ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Nikauchukua, nikauinua juu ili auone, nikasema huku nacheka, mbele ya walimu kama sita: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa!" Wote wakacheka. Yeye alikuwa anajaza alama kwa kalamu nyekundu. Akaifunika kalamu kwa kifuniko chake, akailaza mezani taratibu, akaniuliza: "Ubaya wangu ni upi, Mwalimu?" Hakuniita dada.

Hapo ningeomba radhi, yangekwisha. Lakini niliona nimeaibishwa, nikamjibu kwamba ni methali tu, tumeikuta kwa wazee, na hakuna aliyemtaja yeye. Akasema ameisikia tangu akiwa darasa la pili, na kila aliyemwambia alimwambia hivyo hivyo, ni methali tu. Ndipo ulimi ukateleza. Nikamwambia kama anataka tusemezane ukweli, basi atueleze vipi msomi wa hisabati anaamini miungu milioni 330 na kuinamia sanamu lililochongwa na fundi. Uso wake ukabadilika. Akanijibu: "Na nyinyi mnaozunguka nyumba ya mawe na kubusu jiwe jeusi, mimi nimewahi kuwauliza?"

Mshauri, lile neno lilinichoma. Hija nilikwenda na marehemu baba yangu, mwaka mmoja kabla hajafa. Alipoiona Al-Kaaba kwa mara ya kwanza alishindwa kusema, akanikamata bega tu. Leo naambiwa nyumba ya mawe, tena na mtu niliyemweka moyoni. Nilikwenda nikilia njia nzima, mwavuli wake mkononi. Mpaka leo uko kwangu.

Tangu siku ile tunapeana salamu ya kazi, basi. Na ningeendelea kuvumilia, ila yamezuka mawili. Darasani kwangu yuko mtoto wa Kihindu, mmoja tu, mvulana mpole wa miaka 12. Juzi alimwazima mwenzake rula, na watatu wa nyuma wakapaza sauti: "Baniani mbaya!" Yule aliyepewa rula akamalizia. Sijui waliisikia wapi, lakini ya chumba cha walimu huwafikia wanafunzi kabla ya kengele. Mtoto alitabasamu. Wenzake walipokwisha kutoka niliikuta ile rula chini ya dawati lake, imevunjwa vipande viwili.

La pili, mwalimu mkuu amepata habari, naye anataka tufanye kikao cha mazungumzo ya dini mbele ya wanafunzi wakubwa, mimi upande huu, yeye upande ule. Walimu wengine wameshaanza kukiita "siku ya mjadala" na kuulizana nani atambwaga mwenzake.

Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba atutoke, hataki kusikia. Anasema kukaa kumsikiliza mtu akieleza miungu yake ni kumwambia yuko sawa, na kwamba nikimwomba msamaha nitakuwa nimeiombea radhi dini yangu. Mimi tauhidi, imani ya Mungu mmoja, sina shaka nayo hata chembe. Ila sioni pia kwa nini nimpoteze dada. Nikiomba msamaha, neno lake yeye litakwenda wapi? Nikikataa kikao wataniona nimeshindwa, nikikikubali naogopa tutaumizana zaidi. Nifanyeje?

Mwenye mwavuli wa mwenzake

*

Marahaba, mwanangu.

Pole sana, na kwanza pole kwa baba. Ile picha yake akikukamata bega imenikaa. Nimekuelewa kwamba unapoisikia Al-Kaaba unaliona bega lako na mkono wake, na mtu akiitaja kwa dharau anakuwa ameupiga ule mkono. Hilo lishike, tutalirudia, kwa sababu naamini ndani yake mna njia ya kumfikia mwenzako.

Barua yako imebeba mambo manne katika furushi moja: neno ulilosema, neno uliloambiwa, mtoto wa rula, na kikao cha mwalimu mkuu. Umeyafunga kana kwamba ukigusa moja lazima yote yamwagike. Mimi nayaona yanafunguka kila moja peke yake, tena hayana uzito mmoja.

Tuanze na methali. Ni kweli hukuitunga wewe, na maana yake tuliyofundishwa sote ni kwamba hata usiyempenda huenda akawa na cha kukufaa. Lakini isikilize tena kwa masikio ya aliyetajwa. Baniani ni jina walilopewa wafanyabiashara wa Kihindu waliotoka upande wa Gujarat. Methali haikuuliza kama ni mbaya. Ubaya wake imeuchukua kuwa jambo lililokwisha kujulikana, halafu ikakisifu kiatu. Unasema hakuna aliyemtaja yeye. Mwanangu, mwavuli ulioinua juu ulikuwa wa nani?

Siamini ulikusudia kumuumiza. Nadhani uliisema kwa sababu mmezoeana, na kwako mazoea ni ruhusa ya utani. Kwake yawezekana mazoea yalikuwa kinyume chake, kwamba katika chumba kile kuna mtu mmoja ambaye kwake hatalisikia neno lile. Sikuhukumu kwa hilo. Nakuuliza tu kama umewahi kulitazama kutoka upande huo wa meza. Lugha yetu nayo haikusaidii sana hapa. Mhindi na Mhindu tunawachanganya kila siku, ilhali kuna Wahindi mamilioni kwa mamilioni ambao ni Waislamu, Wakristo au Masingasinga, na kuna Wahindu wa Nepal, wa Morisi na wa Bali ambao si Wahindi. Mtu aliyekulia katika lugha inayompa jina lisilo lake huchoka, hata akiwa anatabasamu.

Sasa ile miungu milioni 330. Ulimtupia kama jiwe, na nahisi hukuwahi kujua ilitoka wapi. Katika Veda, maandiko yao ya kale zaidi, wanatajwa miungu 33. Neno la Kisanskriti "koti" lina maana ya milioni kumi, na pia lina maana ya aina au daraja. Ukisoma koti 33 kwa maana ya kwanza unapata milioni 330, ukisoma kwa ya pili unabaki na 33, na Wahindu wenyewe wanabishana juu ya hesabu hiyo. Kuna mazungumzo katika Upanishadi moja ya zamani sana, yaani maandiko yao ya falsafa, iitwayo Brihadaranyaka, ambayo mwalimu wa hisabati angeyafurahia. Shakalya anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya, miungu ni wangapi? Anajibiwa 303 na 3003. Anauliza tena, ni wangapi hasa? Thelathini na watatu. Anarudia swali lile lile, na kila akirudia hesabu inashuka: sita, watatu, wawili, mmoja na nusu, mpaka mmoja. Sikuambii kwamba huyo mmoja ndiye unayemkusudia wewe unaposema la ilaha illallah. Nakuambia kwamba swali ulilomrushia kwa hasira, watu wake wameliuliza kwa utulivu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na wana mengi ya kusema juu yake.

Hata kwenye sanamu hawako neno moja. Wapo wasioikubali kabisa, kama Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875, wanaosema Veda haikufundisha hivyo. Wapo wanaomfinyangia Ganesha sanamu la udongo kwa ajili ya sikukuu, wakamkaribisha kwa ibada, na siku za sikukuu zikiisha wakamsindikiza mpaka majini wakauacha udongo uyeyuke. Anayetazama kwa mbali husema wamemzamisha mungu wao. Wao wanasema mgeni ameagwa. Lakini nisikupunguzie ukweli: wapo pia, hasa miongoni mwa wanaomwabudu Vishnu, wanaoamini kwamba baada ya ibada ya kuliweka wakfu, Mungu yumo kweli katika umbo lile, si mfano wala ukumbusho. Huamshwa asubuhi, huvishwa, hulazwa usiku. Kwa hiyo hata anayewatetea kwa kusema "ni alama tu" huenda anawasemea wasichokisema. Mwenzako yuko wapi kati ya hao wote? Miaka minane meza kwa meza, na barua yako ndefu haikunieleza. Nadhani hujui, na nadhani hata hukuwahi kuuliza kwa nia ya kupata jibu.

Naye hakukuuliza. Wewe unaijua ile hadithi sahihi ya Sayyidna Umar alipolibusu Hajar al-Aswad, lile jiwe jeusi la Al-Kaaba, akaliambia kwamba anajua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume akilibusu, naye asingelibusu. Lau dada yako angekuuliza, ungemsimulia hiyo, labda ungemsimulia na ya baba. Aliona jiwe, hakuiona nia. Nawe uliona sanamu, nia ukaijazia mwenyewe. Hapo mlifanana sana siku ile, ingawa dini zenu hazifanani katika jambo hili, na mazungumzo yatakayoificha tofauti hiyo ili watu watoke wakitabasamu hayatawafaa. Mwislamu haliombi jiwe. Rafiki yako huenda anasali mbele ya umbo akiamini anayemsalia yupo pale. Ni tofauti kubwa, na mnaweza kuitaja waziwazi bila sauti kupanda.

Nije kwa kaka. Naomba usimdharau. Anaogopa kukupoteza, na baada ya baba kufa hofu hiyo ina uzito. Lakini jaribu kukaa naye mfungue pamoja Suratul An'am, aya ya 108. Waislamu wanakatazwa pale kuwatukana wale wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenye kuwaomba nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa jeuri, bila kujua. Nilipofika kwenye jibu la mwenzako katika barua yako nilisimama, kwa maana aya hiyo ni kama inasimulia chumba chenu cha walimu. Ulianza na cha kwake, akafikia cha kwako. Ukimwomba radhi kwa hilo, sioni mahali ambapo umeiombea radhi dini. Pengine kaka ataona vingine, na ana haki ya kusoma kwa macho yake. Ila usiifanye aya fimbo ya kumpigia, maana utakuwa umeanza upya ugomvi ule ule nyumbani.

Kama anasema kusikiliza ni kukubali, mtajie Al-Biruni. Alikuwa Mwislamu, bingwa wa hisabati na elimu ya nyota, akajifunza Kisanskriti, na kama mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya dini na elimu za Wahindu. Alisema mapema kwamba hakuandika cha kubishana, bali atayaweka mbele ya msomaji maneno ya Wahindu kama wanavyoyasema wenyewe. Pale asipokubaliana nao alisema, wala hakuwa mpole kila mahali. Na hakuacha dini yake. Kinachonigusa zaidi kwake ni kwamba aliishi chini ya sultani Mahmud wa Ghazni, yule yule aliyeishambulia India mara kwa mara na kuvunja mahekalu, naye aliandika bila kuficha kwamba uharibifu ule ndio uliowajaza Wahindu chuki kwa Waislamu. Hakujifanya haoni kwa nini hawamwamini.

Nalitaja hili kwa sababu ukifungua mazungumzo, historia inaweza kuingia bila kubisha hodi. Yeye atakuwa na mahekalu yake, wewe utakuwa na Msikiti wa Babri kule Ayodhya, India, uliobomolewa na umati wa Wahindu tarehe 6 Desemba 1992. Ni mambo ya kweli na yana makaburi. Lakini hakuna kati yenu aliyeshika nyundo, na mkianza kuyalipia madeni hayo katika chumba kile hamtayamaliza. Vilevile suala la matabaka ya Wahindu, ambalo najua lipo kwenye ncha ya ulimi wako. Ni swali halali. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la walioitwa wasioguswa na kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, aliliuliza maisha yake yote, na mwaka 1956 aliuacha Uhindu akawa Mbudha, akifuatwa na maelfu kwa maelfu ya watu. Siku moja mwaweza kulizungumza. Ukilianza nalo, atasikia jiwe jingine likitupwa.

Njia zilizopo mbele yako nazifikiria hivi.

Msamaha unaweza kusimama peke yake, bila kikao na bila kungoja wa kwake. Ukiuomba, uombe kwa lile ulilolifanya: methali, kicheko mbele ya watu, na namna ulivyouliza juu ya sanamu. Jihadhari na neno "lakini", huwa linakula kila kilichotangulia. Hatari yake ni kwamba huenda akaupokea kwa ubaridi na asiseme lolote juu ya Al-Kaaba, ukarudi nyumbani na uchungu wako. Unaweza kuubeba huo kwa muda? Kama huwezi, ni afadhali ujue kabla hujafungua mdomo. Hakuna ubaya kumwambia siku nyingine kwamba nawe uliumia, ukamsimulia ya bega. Ila vikija vyote kwa pumzi moja, atadhani umekuja kubadilishana.

Mazungumzo yenu wawili, faraghani, ndiyo ninayoyaonea matumaini zaidi, na hapa natoa maoni yangu tu. Iko namna moja ambayo nimeona ikisaidia watu: kila mmoja aeleze imani yake mwenyewe tu, asiguse ya mwenzake, na anayesikiliza ayarudie aliyoyasikia mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo." Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Utajikuta unataka kusahihisha, na yeye vilevile. Na inawezekana kabisa mkamaliza mkiwa mnapingana kwa ufasaha zaidi kuliko mlivyoanza. Hilo nalo ni jambo.

Kikao cha shule kinanitia wasiwasi. Mwaka 1575 mfalme Akbar wa India alijenga jumba la majadiliano ya dini pale Fatehpur Sikri. Walianza wanazuoni wa Kiislamu peke yao, wakashindana wao kwa wao mpaka kudhalilishana, na hata walipoletwa Wahindu, Wajaini, Wazoroasta na mapadre wa Kikristo, ubishi ulizidi kuliko kuelewana. Lilikuwa jumba la mfalme, naye mwenyewe akiwa pale. Wenu watakuwa vijana wanaongoja nani atabwagwa. Kukataa kwako hakutakuwa kushindwa, ingawa wapo watakaosema hivyo kwa siku chache. Ukikubali, mnaweza kumwendea mwalimu mkuu pamoja, kama mtakuwa mmeshapatana, na kuomba pasiwe na pande mbili wala makofi, kila mmoja aulizwe juu ya dini yake tu, na mtoto yeyote asisimamishwe kuiwakilisha dini ya ukoo wake. Na msipopatana kwa wakati, mwombeni aahirishe.

Mtoto wa rula hawezi kungoja hayo yote. Hapo tu ndipo nakusihi usikawie. Wale watatu wa nyuma wanahitaji kusikia kutoka kwako, mwalimu wao, kwamba methali ile inaumiza, na hawatakuelewa kama hutawaambia kwamba hata wewe uliisema. Itakugharimu, najua. Mtoto mwenyewe usimwite mbele ya wenzake, wala usimuulize kama aliumia, kwa maana atasema hapana. Labda umpe tu rula nyingine na kumwambia umeiona ile.

Na mwavuli, mwanangu. Wiki tano uko kwako, na yawezekana mvua zote hizi amekuwa akilowa bila kukuuliza. Lolote utakaloamua juu ya mengine, usimpe mwanafunzi aupeleke, na usiutundike nyuma ya mlango akiwa ametoka. Upeleke mwenyewe mkononi, na ukisikia anakuita Mwalimu, keti kidogo hata hivyo.

Mshauri wako